Kiboksi cha kuokoa umeme: nimekipima kwenye pampu na kwenye mita ya LUKU

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za saa hizi kwa wote. Leo niko Duga, hapa Tanga mjini, uani kwa shangazi yangu. Hiki nilichoshika wengi mmeshakiona: kiboksi cheupe, ukikichomeka kwenye soketi taa ya kijani inawaka. Mnaambiwa kinaokota umeme unaopotea kwenye mota za friji, feni na pampu, kinaurudisha kwenye nyaya za nyumba, na yuniti zinakaa mara mbili. Shangazi alikinunua shilingi 25,000. Yeye anauza barafu za ubuyu na ukwaju, friza yake haizimwi, na 25,000 kwake ni barafu nyingi sana. Ndiyo maana nimekipima siku tatu kabla sijawasha kamera.

Tuone ndani kwanza. Sogeza kamera kidogo, mdogo wangu. Hii nyeusi ni kapasita ya mikrofaradi 5, yaani kifaa kinachotunza chaji ya umeme kidogo kisha kuirudisha. Hivi vidogo pembeni ni vya kuwashia taa tu. Basi. Fyuzi hakuna, wala rezista ya kumaliza chaji kikichomolewa. Nilikichomoa, nikakiweka mezani, nikagusisha mita kwenye pini: zaidi ya volti 200 bado zimo. Yaani mtoto anaweza kupigwa shoti na kitu ambacho hakijachomekwa popote. Hilo peke yake lingetosha mimi nikikatae, lakini nataka tufike kwenye umeme wenyewe, kwa sababu anayekiuza haongei uongo mtupu, na hapo ndipo watu wananaswa.

Mota ina koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, na mota haizunguki bila sumaku. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo mara 100 kila sekunde koili inachukua umeme wa kutengenezea sumaku, kisha inaurudisha ulikotoka. Umeme huo haufanyi kazi, unakwenda na kurudi tu. Ni kama jirani anayeazima kinu chako: asubuhi kinatoka, jioni kinarudi, unga wako haujapungua hata kibaba. Kilichochoka ni miguu ya mbebaji. Kwenye umeme, mbebaji ni waya. Ukiweka kapasita karibu na mota, ni kama jirani amepata kinu chake: koili na kapasita wanaazimana wenyewe kwa wenyewe, na ampea kwenye waya zinapungua. Hilo ni kweli kabisa, viwanda vinalifanya kila siku, kwa sababu mteja mkubwa wa TANESCO, shirika la umeme, anatozwa pia kwa kilele chake cha kVA, yaani volti mara ampea kwa maelfu, na kVA inahesabu hata zile safari za kinu.

Wewe na mimi wa LUKU, tunaolipia umeme kabla ya kuutumia, hatutozwi hivyo. Yuniti ni kilowati-saa, ni unga, si kinu.

Haya, vipimo. Pampu ya shangazi ni ya nusu hospawa, inavuta kisimani kupeleka tangi la juu. Bila kiboksi: volti 228, ampea 2.92, wati 480. Nikachomeka kiboksi kwenye soketi ileile: ampea zikashuka hadi 2.69. Muuzaji anakuonyesha hapo hapo, mita ya kubana waya mkononi, namba inashuka mbele ya macho yako, unatoa pesa. Lakini angalieni mstari wa wati. 480. Haukusogea.

Nikasema huenda kimita changu kina kasoro, tuulize LUKU yenyewe. Mita ya hapa ina taa ndogo nyekundu, na imeandikwa kwamba inawaka mara 1,000 kwa kila yuniti moja. Nikazima kila kitu nyumbani, nikaacha pampu peke yake, nikashika saa ya simu. Kuwaka mara 40 kulichukua dakika 5. Nikachomeka kiboksi, nikahesabu tena mara 40. Dakika 5. Nikarudia jioni, majibu yaleyale. Hili mnaweza kulifanya wenyewe bila kununua kifaa chochote, ila someni kwanza namba iliyoandikwa kwenye mita yenu, maana mita hazifanani.

Sasa nikitendee haki kiboksi. Je, waya haupotezi umeme kwa kubeba ampea za bure? Unapoteza, unapata joto. Waya wa pampu hii ni mita 40, shaba ya milimita 1.5. Nimepiga hesabu: ukifunga kapasita kule mwisho, penye pampu, unaokoa wati moja na kidogo. Wati moja! Ukiichomeka sebuleni karibu na mita, kama maelekezo yake yanavyosema, hata hiyo moja huipati, kwa sababu safari ndefu ya waya bado ipo palepale.

Shangazi alinikatalia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeona yuniti zinakaa." Namwamini, daftari lake la barafu lina kila senti. Ila alikinunua mwisho wa Mei. Juni kusi linavuma, Tanga inapoa, friza inapumzika zaidi na barafu zinauzwa kidogo. Tumelinganisha na Juni ya mwaka uliopita kwenye daftari hilohilo, kabla kiboksi hakijaja: yuniti zilikuwa karibu sawa. Alinyamaza kidogo, kisha akakichomoa mwenyewe.

Wengi mmeniuliza pia kuhusu ule mpigo wa koili, ile cheche inayoruka ukikata umeme ghafla. Hauwezi kuvunwa? Unaweza, ila pimeni ukubwa wake. Koili ya henri 0.1 yenye ampea 1 inabeba nishati ya juli 0.05. Yuniti moja ni juli milioni 3.6. Ukate na kuwasha mara milioni 72 kupata yuniti moja. Dayodi inayowekwa pale, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inalinda transista, ile swichi ya kielektroniki, isiungue, na ni kazi muhimu, lakini si ya bili. Na wale wanaosema mota izungushe jenereta inayowasha mota hiyohiyo: hapa Tanga kila mtu amepanda baiskeli yenye dainamo. Ukiigusisha dainamo kwenye tairi, pedali inakuwa nzito. Taa inakula kwenye mapaja yako.

Umeme wa mota unarudi kweli pale ambapo kitu kinahitaji kufungwa breki. Chukua pikipiki ya umeme, mtu na chombo kilo 200, inashuka kutoka Lushoto hadi Mombo, kiasi cha mita 1,000 kwenda chini. Mteremko huo una nusu yuniti hivi. Pikipiki ya kawaida inaiteketeza yote kwenye breki. Yenye mota ya gurudumu isiyo na gia, na kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) inayokubali, inageuza mota kuwa jenereta na kurudisha sehemu kwenye betri. Huku mjini kwetu, barabara tambarare, tegemeeni kidogo.

Kwa pampu na friza hakuna cha kufunga breki. Umeme uliopotea humo umekuwa joto la shaba na chuma, na joto la vuguvugu hulikusanyi tena. Kwa hiyo tuliuzuia usipotee. Vali ya chini kisimani, inayozuia maji ya bomba yasirudi kisimani, ilikuwa inavuja, tukabadilisha: tangi lililojaa kwa dakika 52 sasa linajaa kwa 35, wati zilezile 480. Kwenye friza nikabana noti ya elfu moja mlangoni, ikatoka bila kuvutwa. Raba imechoka. Tumeweka mpya, na friza tumeisogeza shibiri moja kutoka ukutani ili mgongo wake upate upepo.

Kama bado hujakinunua kiboksi, 25,000 yako ipeleke kwenye vali au raba. Kama unacho, kichomoe, usiguse pini, kiweke mbali na watoto. Kisha hesabuni ile taa ndogo nyekundu, na chombo kimoja tu kikiwa kimewashwa, mniandikie hapo chini: chombo gani, mita yenu inawaka mara ngapi kwa yuniti, na mmehesabu dakika ngapi. Nitazipigia hesabu zote.