Choo cha paka ndani ya fleti: sanduku na mchanga niliobaki nao

Naishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na paka wangu Shaba hatoki nje. Kwa paka wa namna hiyo, choo ndicho kila kitu. Kisha akazaa watoto watatu, ikabidi vifaa vipimwe kwa mama na kwa wanawe pia.

Nianze na sanduku lenye paa, kimlango cha kusukuma na kichujio cha mkaa, ambalo maduka ya wanyama hulisifu kuliko yote. Kweli linapendeza, na mchanga haumwagiki. Lakini kwa joto letu la Januari na Februari, harufu inajifungia humo humo na anayeivuta ni paka. Mkojo uliokaa hutoa amonia, gesi yenye harufu kali, na pua ya paka ni kali kuliko yetu. Shaba alichungulia, akageuka, akaenda kumalizia haja yake kwenye zulia la bafuni. Paa lilipong'olewa akaanza kulitumia, ila bado alikuwa anabanwa. Choo cha paka kinatakiwa kiwe na urefu wa angalau mara moja na nusu ya mwili wake, kutoka puani hadi shina la mkia. Mengi yanayouzwa hayafikii hapo.

Niliyobaki nayo ni makontena ya plastiki ya kuhifadhia nguo, ya mstatili na bila kifuniko. Upande mmoja nimeukata kwa kisu cha moto uwe mlango, kingo nikazipiga msasa. Niliyaweka mawili Shaba alipokuwa peke yake, kwa sababu hesabu inayopendekezwa ni idadi ya paka ukiongeza moja. Moja liko kibarazani nyuma, la pili karibu na bafu, yote mbali na bakuli la chakula.

Upande wa mchanga, wengi tunachota ule wa ujenzi kwa kuwa ni bure. Mimi siushauri hata kidogo. Mkojo unapita tu hadi chini, na lile rundo la mtaani paka wa nje wameshaligeuza choo, kwa hiyo unaingiza ndani mayai ya minyoo na vimelea. Ule wenye manukato ya lavenda nao Shaba aliukwepa. Ninaonunua sasa ni wa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, punje ndogo, usio na harufu yoyote. Ukilowa unaganda kuwa donge, unalitoa zima zima kwa koleo lenye matundu. Kina cha sentimita tano hadi saba kinamtosha kufukia.

Kwa vitoto hesabu ni nyingine. Kabla ya wiki ya tatu au ya nne mama ndiye anayewalamba ili wajisaidie. Baada ya hapo wanaanza kutafuta pa kuchimba, na miguu ni mifupi, kwa hiyo nikawawekea trei yenye ukingo mdogo. Mchanga unaoganda sikuwapa. Vitoto huonja kila kitu, na bentonaiti huvimba ikipata maji, inaweza kumziba utumbo. Niliwapa magazeti yaliyochanwachanwa, nikawa nawaweka humo kila wakimaliza kula au wakiamka. Walishika haraka mno, nilifurahi sana.

Utunzaji ndio unaoamua kila kitu. Nachota asubuhi na jioni, natia mfukoni na kutupa kwenye taka, kamwe si chooni. Vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, paka akiwa navyo, huchukua siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuchota kila siku ni kinga halisi. Wifi yangu alipokuja kukaa nasi akiwa mjamzito, sanduku hakuligusa kabisa. Kila wiki namwaga mchanga wote na kuosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Dawa zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini, ni sumu kwa paka. Mlangoni pa sanduku naweka mkeka wa mpira wa kukung'utia nyayo, maana nyumba hii tunasali: paka mwenyewe si najisi, ila kinyesi chake ni najisi.

Madonge nayatazama pia. Paka dume akiingia mara kwa mara, anajikamua na mchanga unabaki mkavu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kasoro za bentonaiti ni vumbi wakati wa kumimina na uzito wa mfuko kwenye ngazi. Makontena siyabadilishi, na mmoja wa vitoto, niliyebaki naye, sasa anatumia lile la mama yake.