TAHADHARI: Waliniuzia altaneta yangu mwenyewe, huku nyumba yangu ikiwa imefungiwa kwenye yadi yao

Wenzangu mnaosafiri kwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, hasa ninyi mnaopenda zile njia ambazo mtu anaweza kuendesha saa nzima bila kupishana na mwenzake, naomba msome hii kabla hamjawasha injini. Majina ya waliohusika na namba za magari yao ziko kwenye taarifa niliyopeleka polisi na kwa kampuni ya bima, kwa hiyo hapa sitamtaja mtu. Ninachotaka mkijue ni mbinu yenyewe, maana tangu nianze kusimulia mkasa huu nimekutana na wasafiri wawili waliofanyiwa vivyo hivyo, sehemu nyingine kabisa na watu wengine kabisa.

Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Alasiri, katikati ya pori, taa ya betri ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Haikuwaka ikatulia. Ilififia, ikarudi, ikafifia tena. Kosa langu la kwanza nililifanya hapohapo: nikaegesha pembeni na kuzima injini, eti nilipumzishe gari. Kuja kuwasha, stata ikanijibu tak-tak-tak, kisha kimya. Simu ilikuwa inashika mtandao kwa kubahatisha, unakuja na kupotea.

Hazikupita dakika ishirini likatokea bredauni, lori la kuvuta magari yaliyoharibika. Hatukuwa tumempigia mtu yeyote. Dereva akashuka anatabasamu, akawasalimia watoto, akamwamkia mke wangu kwa heshima zote. "Poleni sana, mama. Bosi wangu, hapa si pa kulala." Halafu akauliza swali ambalo siku ile nililiona la kawaida tu: "Bima mmeshawapigia?" Nikamwambia bado, mtandao unasumbua. Akatikisa kichwa kama mtu anayenihurumia. Leo naamini jibu langu lile ndilo lililofungua biashara. Ningesema wako njiani, nadhani angetutakia safari njema akaendelea na yake.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa na sura ya ufundi kamili, na ndicho kilichoninasa. Aliunganisha waya kutoka betri ya lori lake, injini yangu ikawaka, akachomoa waya, kisha akaniita nisome mita kwa macho yangu. Alikuwa ameishika kwenye vichwa viwili vya betri: volti 12.1, na injini inaunguruma. "Umeona mwenyewe, bosi. Altaneta imekufa."

Altaneta ndiyo inayozungushwa na injini ili izalishe umeme wa kuchaji betri. Na mita haikusema uongo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7. Injini ikiwa inafanya kazi, kwa magari mengi unatarajia kuona kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kwa hiyo 12.1 ilimaanisha kweli kwamba chaji haifiki kwenye betri. Sasa, kutofika ni jambo moja, na kutotoka ni jambo jingine. Umeme wa altaneta hupita njia ndefu: mkanda unaozungusha, waya mnene wa chanya, fyuzi kubwa, halafu kuna ethi, ule waya bapa wa kusuka unaofunga injini kwenye bodi ya gari na kurudi upande wa hasi wa betri. Ethi ikiliwa na kutu au nati yake ikilegea, altaneta inaweza kuwa inazalisha volti 14 na zaidi pale ilipo huku betri ikifa njaa. Stata nayo itazunguka kwa uvivu, na taa ya betri itafifia na kurudi. Dalili zote hizo nilikuwa nazo mbele ya pua yangu.

Kipimo ambacho hakukifanya, au alikifanya nikiwa sioni, ni hiki. Injini ikiwa inawaka na taa kubwa zimewashwa, ncha moja ya mita inawekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye chuma kisafi cha injini. Kwenye ethi nzima hutakiwi kuona zaidi ya volti 0.2 hivi. Ukikuta volti moja au zaidi, umeshampata mchawi, na hajakaa kwenye altaneta. Kinachoniuma zaidi ni kwamba waya wa kuazimia moto ulikuwa chini ya kitanda changu. Ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, unakuwa umeiruka ethi mbovu na unaweza kujikokota hadi kwenye watu. Waya ninao miaka yote, na siku ile hata sikuukumbuka.

Turudi barabarani. Akatoa karatasi kwenye ubao, upepo unaipeperusha, jua linazama, watoto wanalalamika. Nikasaini bila kusoma maandishi madogo. Sina cha kujitetea hapo. Wakati wa kulipandisha gari hakuuliza uzito, hakuuliza urefu, hakutaja gesi. Mke wangu ndiye aliyekimbia kufunga mtungi. Magari haya huwa na mkia mrefu unaotokeza nyuma ya magurudumu, na ngazi ya bredauni ikiwa na mwinuko mkali mkia unaburuza chini. Wetu uliburuza. Bampa la nyuma lina ufa hadi leo, na kwenye karatasi niliyosaini imeandikwa kwamba gari "limepokelewa likiwa na uharibifu wa awali".

Tukafika kwenye yadi yenye ukuta mrefu na mbwa. Geti likafungwa nyuma yetu. Nadhani hapo ndipo mtego wenyewe ulipo, na wenye magari ya kawaida hawawezi kuuelewa vizuri. Gari dogo likiharibika unaliacha kwa fundi, unakwenda kulala mahali, unabishana bei kesho ukiwa umeoga. Gari-nyumba likiingia yadi ya mtu, limeingia na kitanda chako, jiko lako, nguo, hati za safari, dawa za mtoto, na hata maji ya kunywa. Unabishana bei na mtu aliyeshika ufunguo wa chumba chako cha kulala. Yule mwenye yadi alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alituambia kwa upole kwamba kulala ndani ya gari kwenye yadi yake hairuhusiwi, "mambo ya usalama, bosi wangu", lakini tusijali, ana ndugu yake mwenye vyumba. Bila shaka anaye.

Siku ya pili hakuna kilichoguswa. Spea, tukaambiwa, inatoka mbali. "Gari-nyumba si gari la kawaida, vitu vyake ni maalumu." Huu ndio uongo wa pekee alioutamka wazi na ambao ningeweza kuukamata papo hapo, kwa hiyo ushikeni. Vitu maalumu viko nyuma: friji, pampu ya maji, hita, madirisha. Mbele ni gari la mizigo tu. Gari-nyumba nyingi hujengwa juu ya Fiat Ducato, nyingine juu ya Ford Transit au Mercedes-Benz Sprinter, magari yaleyale yanayosambaza vifurushi kila kona ya miji. Altaneta, stata, mikanda, pedi za breki, vyote ni vya gari lile la mizigo la mwaka ule na injini ile. Kwenye altaneta yenyewe kwa kawaida kuna kibandiko chenye namba ya kipuri. Piga picha yake leo, gari likiwa zima. Ukiwa na namba hiyo, duka lolote la spea linaweza kukupa bei kwa simu kabla hujakubali chochote.

Siku ya tatu spea "iko njiani". Hapo mke wangu akaanza kusoma ile karatasi kwa sauti. Kulikuwa na ada ya kuhifadhi gari kwa kila siku, ada ya kulipokea, ada ya "uchunguzi wa umeme", na mstari mmoja chini kabisa: gari halitoki mpaka malipo yote yakamilike. Ndipo nikaelewa kwa nini spea haikuwa na haraka. Kila siku iliyopita iliwalipa kuliko kazi yenyewe. Siku ya nne altaneta "ikafika", ikafungwa huku sisi tukizuiwa kuingia karakana, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile niliyokuja kutajiwa baadaye dukani. Niliomba ile ya zamani. "Tumeshaitupa, bosi." Nikalipa taslimu, maana mashine yao ya kadi, kwa bahati mbaya sana, ilikuwa imeharibika siku hiyohiyo.

Gari likawaka vizuri. Niseme ukweli, nilimpa mkono yule bwana na kumshukuru.

Baada ya kilomita kama mia tatu tukaanza kusikia harufu ya rangi inayoungua. Safari hii nilisimama mjini, kwa fundi mmoja mzee ambaye alifungua boneti, akanusa, akacheka hadi akaegemea gari. Altaneta ilikuwa imepuliziwa rangi ya fedha, na rangi ile imeingia hadi kwenye matundu ya kupozea na juu ya vichwa vya bolti. Akaifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Chini ya rangi ukatokea mkwaruzo mrefu, umepinda kama ndoana. Nikaujua palepale. Niliuchora mimi, miaka miwili nyuma, spana iliponiponyoka nikibadilisha mkanda. Kovu la mkononi mwangu ni ndugu wa mkwaruzo ule.

Mzee akaipima: iko salama kabisa, haijawahi kufa. Kisha akanionyesha chini, pembeni ya gia boksi. Ethi mpya, inang'aa, nati mpya, na chuma kilichokwanguliwa kutu vizuri kabisa. Ile ndiyo ilikuwa dawa. Kazi isiyozidi nusu saa, na kipande cha waya ambacho hakikuandikwa hata kwenye risiti. Kwa hiyo walijua ugonjwa tangu mwanzo, wakautibu kimya kimya, na kunitoza kwa ugonjwa ambao gari halikuwa nao. Waongo wavivu nisingewaogopa hivi. Hawa ni mafundi wazuri.

Sasa nafanya tofauti, na ninyi mchukue mnachokiona kinafaa. Taa ya betri ikiwaka, sizimi injini mpaka nifike mahali penye mtandao au watu, isipokuwa joto linapanda au mkanda umekatika. Magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na hapo kuendelea ni kuiua injini. Nazima feni, redio na kila kinachokula umeme. Ramani nimeipakua kwenye simu ili nisome nukta za mahali nilipo hata bila intaneti, na nikiona mtandao ni dhaifu natuma ujumbe mfupi, kwa sababu mara nyingi ujumbe hupenya pale simu ya sauti inapokatika. Bima yangu niliisoma upya na kukuta kitu cha kutisha: msaada wa barabarani nilioulipia miaka yote ulikuwa na kikomo cha uzito na urefu, na gari langu lilikuwa nje ya vyote viwili. Angalieni ya kwenu. Magari haya mengi yameandikishwa kwa uzito usiozidi kilo 3,500, lakini kuna makubwa zaidi, na hata madogo hushinda kikomo cha urefu.

Bredauni akija bila kuitwa, nampa maji ya kunywa na kumwambia bima wako njiani, hata kama hawako. Ikibidi anivute, basi ni mpaka mahali ninapopataja mimi, bei imeandikwa kabla mnyororo haujafungwa, na mahali hapo pasiwe yadi yake. Kituo cha mafuta, uwanja wa kambi, pembeni ya kituo cha polisi, popote ambapo geti silo lake. Picha nazipiga kabla: pande zote nne, bampa, kilomita, na altaneta yenyewe. Vipuri vyangu vikubwa nimevitia nukta ya rangi ya kucha ya mke wangu, sehemu ambazo sizitaji hapa. Na begi moja dogo lenye hati, dawa, chaja na nguo za siku mbili linakaa mlangoni, ili siku geti likifungwa tuweze kuondoka kwa miguu yetu na kubishana bei tukiwa nje.

Kama uliwahi kuvutwa na bredauni usiyoiita, ukaambiwa altaneta imekufa, nenda kafungue boneti leo. Kwangua kidogo kwa ukucha. Ukikuta rangi ya fedha inabanduka, usiifute yote, ipige picha jinsi ilivyo, tunza risiti, na uipeleke kwa bima yako na polisi wa eneo ulikovutwa. Mpelelezi wa shauri langu aliniambia kwamba malalamiko ya mtu mmoja ni ugomvi wa bei, lakini yakifika matatu yenye mchezo uleule, anapata pa kuanzia. Mimi ni wa kwanza kwenye faili lake.