Upendeleo hewani: saa ya Ufaransa au barua ya Uingereza?
Ufaransa hupima upendeleo wa redio na televisheni kwa saa. Tangu 2018, theluthi ya muda wa wanasiasa kuzungumza ni ya Rais na serikali, mbili zilizobaki ni za wengine. Njia hii hunasa upendeleo unaojijenga polepole. Lakini saa haina masikio: dakika 10 za kubanwa maswali na 10 za kubembelezwa huhesabiwa sawa.

Uingereza hupokea malalamiko. Andikia BBC kwanza, ndani ya siku 30 za kazi tangu kipindi kirushwe. Usiporidhika na jibu la mwisho, nenda Ofcom, msimamizi wa utangazaji nchini humo. Taja tarehe, saa na sentensi yenyewe. "Mnapendelea" tupu haifiki mbali. Hatua ya kwanza, kusema kweli, ni kesi ya ngedere hakimu nyani.