Kamera Inayobaki Peke Yake: Uchambuzi wa Vifaa Nilivyovifunga Uwanja wa Lake Tanganyika

Ndugu watazamaji, salaam. Ninazungumza nanyi kutoka Kigoma, nikiwa kwenye jukwaa la Uwanja wa Lake Tanganyika, na ndani ya begi hili mna kibano cha Manfrotto kiitwacho Super Clamp, mkono wa chuma unaokunjika, kipima muda cha kamera na rimoti za redio. Kwa vifaa hivi nimekuwa nikiziacha kamera zijipigie zenyewe mechi nzima: moja inapiga picha za mfuatano ambazo huunganishwa kuwa taimulapsi, yaani video fupi inayoharakisha muda, na nyingine zinapiga picha pana inayoonyesha uwanja wote kutoka goli hadi goli.

Kibano ndicho kilichostahili fedha yangu kuliko vyote. Kinashika bomba lenye unene wa milimita 13 hadi 55 na kinabeba hadi kilo 15, uzito ambao kamera yangu na lenzi yake haziukaribii. Kabla ya kukipata nilifungia kamera kwa mpira wa tyubu, ule ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli, lakini mpira hulegea juani, na mwisho wa mechi nilikuta kila picha imeshuka kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka anga lote likatoweka. Hata hivyo, kibano kizuri hakisaidii kitu kikifungwa mahali pabaya. Reli ya jukwaa hutikisika mashabiki wanaporuka, kwa hiyo natafuta nguzo iliyosimikwa kwenye zege. Kisha nafunga waya wa chuma kutoka kwenye kamera hadi kwenye nguzo yenyewe, wala siufungi kwenye kibano, kwa kuwa kibano kikiachia, waya uliofungwa juu yake utaanguka pamoja nacho juu ya kichwa cha mtu. Hapo sina mzaha kabisa: bila waya huo sipandishi kamera juu ya watu.

Kipima muda nilichonacho ni cha bei nafuu, na kimenitosha. Hesabu yake ni hii: ukikiamuru kipige picha moja kila baada ya sekunde 5 kwa saa mbili, utapata picha 1,440, na ukizionyesha picha 24 kwa sekunde, saa zako mbili zitakuwa dakika moja ya video. Kazi ngumu ni mwanga. Sisi wa Kigoma tuko mbali magharibi lakini tunatumia saa zile zile za watu wa Dar es Salaam, hivyo jua letu huzama karibu saa moja jioni, na mechi ya saa kumi huanza jua likiwa bado juu na kumalizika likiwa limeinama upande wa ziwa. Ukiiachia kamera ijipimie mwanga, itabadilisha kipimo kila jezi nyeupe zinapojaa mbele yake, na video itapepesa kama taa ya umeme hafifu. Kwa sababu hiyo naweka kila kitu kwa mkono: kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na mizania ya rangi, halafu nafunga kwa tepu pete ya fokasi, ile inayonoa picha. Hata tundu la lenzi linalopitisha mwanga nimejifunza kuliacha wazi kabisa, kwa kuwa majani yake, yaani vibati vinavyolipunguza, yakijifunga kila picha hayarudi mahali pale pale kamili, na tofauti ndogo hiyo nayo huonekana kuwa mpepeso.

Lakini taimulapsi haikuhakikishii goli. Mnaikumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa hapa tarehe 25 Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga. Katika mechi ya namna hiyo, kamera inayopiga kila baada ya sekunde 5 inaweza kupiga mpira ukiwa hewani, na ikija kupiga tena wachezaji wameshaanza kushangilia. Kamera ya nyuma ya goli inahitaji kidole cha mtu, yaani rimoti.

Rimoti zangu ndizo zilizoniangusha. Asubuhi, uwanja ukiwa mtupu, zilifanya kazi kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukosa. Jioni, jukwaa lilipojaa, kila picha tatu nilizoamuru ilipigwa moja. Zinatumia gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, na miili ya watu, ambayo sehemu kubwa ni maji, huyanyonya mawimbi hayo. Siku hizi nakipandisha kipokezi, kile kipande kilicho kwenye kamera kinachopokea amri, juu ya vichwa vya watu, na panaporuhusiwa natandika waya wa kuiamuru kamera badala ya redio.

Kuhusu picha pana, nilianza kwa kamera moja niliyoizungusha juu ya stendi. Lenzi ya milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani) iliyosimamishwa wima hukamata upana wa takriban nyuzi 38 za pembe, kwa hiyo nikiacha theluthi moja ya kila picha iingiliane na inayofuata, picha saba hutosha kufunika nyuzi 180. Uwanja na milima vilitoka vizuri sana, ila winga aliyekuwa akikimbia alitokea mara mbili, na mwamuzi alikatwa kiunoni mahali picha mbili zilipoungwa. Njia hiyo naikubali wakati timu zimejipanga kabla ya filimbi, si zaidi.

Mchezo ukiwa unaendelea natumia kamera tatu zilizofungwa karibu karibu kwenye bomba moja, zikipokea amri moja kwa wakati mmoja. Ziwe za aina moja na ziwe na vipimo sawa, kwa sababu kila aina huchelewa kwa kiasi chake baada ya kuamriwa, na kuchelewa huko kunatosha kuuweka mpira mahali pawili. Reli iliyo karibu na kamera haiungi sawasawa kwenye picha, kwani kila kamera inaiona kutoka pembe yake, kwa hiyo nazipandisha mpaka kitu cha kwanza mbele yake kiwe nyasi.