Picha zisizong'aa: vanishi ya kupuliza au laminesheni?

Picha iliyochapwa kwa wino wa pigimenti (wenye chembe ndogo za rangi) kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, kama Hahnemühle Photo Rag, inapendeza lakini haivumilii mikono. Wino umekaa juu juu. Ukucha ukipita kwenye sehemu nyeusi, unaacha mkwaruzo usiofutika.

Kwa picha ya kutundika, mimi napuliza vanishi ya kopo. Tabaka nyembamba mbili tatu, moja kwa mlalo, inayofuata kwa wima, na umbile la karatasi bado linaonekana; weusi hata unakolea kidogo. Kabla ya kupuliza, acha wino ukauke walau siku nzima, kisha pangusa vumbi kwa brashi laini, maana chembe ikinaswa humo ndiyo basi tena. Adui wake ni unyevu: pwani, Mombasa au Unguja, siku ya mvua vanishi inaweza kufanya ukungu mweupe. Mvuke wake nao si wa kuvuta, kwa hiyo vaa barakoa na ufungue madirisha.

Laminesheni isiyong'aa, yaani utando wa plastiki unaobandikwa juu ya picha, inazuia maji na alama za vidole kuliko vanishi yoyote. Kwa menyu ya hoteli au picha za kupitishwa mkono kwa mkono, sina neno. Lakini weusi unapauka, mguso wa karatasi unapotea, na gundi ikishashika hakuna kurudi nyuma: ukiibandua unachuna na picha yenyewe.

Kama picha inaingia kwenye fremu ya kioo, unaweza kuacha vyote viwili, mradi isigusane na kioo.