Gari la kwanza kwa mkopo: uanzie wapi?

Wengi tunaingia shoruumu tukiwa tumeshapenda gari. Unaikuta IST nyeupe imeoshwa, haina namba bado, muuzaji anakupa ufunguo uwashe. Ukishakaa kwenye usukani, mkopo wowote utakaoletewa utauona mzuri. Ushauri wangu ni kutafuta fedha kwanza, shoruumu baadaye. Hapa nimepanga njia nne za hapa Tanzania, kuanzia ile ninayoiamini zaidi.

Ya kwanza ni SACCOS ya kazini kwako. Nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wanachama wenzako ndio wanaokudhamini. Unafika shoruumu na fedha kamili, kwa hiyo bei inazungumzika, na kadi ya gari inatoka TRA kwa jina lako tangu mwanzo. Ubaya wake ni muda: ukijiunga leo, utaweka akiba miezi kadhaa kabla ya kukopeshwa. Subiri tu. Daladala za miezi hiyo ni nafuu kuliko riba ya haraka.

Ya pili ni benki. Kuna mkopo wa mshahara, ambao mwajiri anakata kabla pesa haijakufikia, na kuna mkopo wa gari wenyewe, ambao gari ndilo dhamana. Kwenye huo wa gari utatanguliza sehemu ya bei, benki itashikilia kadi, na utakata bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kila mwaka hadi deni liishe. Bima kubwa ya gari binafsi huwa karibu asilimia 3.5 ya thamani, kabla ya VAT. Kwa gari la milioni 18 hiyo ni kama 630,000 kwa mwaka, na wengi hawaiweki kwenye hesabu.

Kabla hujasaini, uliza riba inapigwaje. Tuseme gari hilo la milioni 18 umelitangulizia milioni 5.4, ukakopa milioni 12.6 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama 455,500 kwa mwezi. Ikipigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ile wanayoiita flati, rejesho ni 539,000. Asilimia ni ileile, gari ni lilelile, lakini mwisho wa safari umelipa milioni 3 zaidi. Usitoke pale bila jedwali la marejesho mkononi.

Ya tatu ni kukopeshwa na shoruumu yenyewe. Gari langu la kwanza nililipata hivi. Nilitoa nusu ya bei, nikasaini kurasa tatu nimesimama, muuzaji akinionyesha kwa kidole pa kusaini. Kadi ikabaki kwa jina lao. Mwezi wa saba mshahara ulichelewa, nami nikachelewesha rejesho siku 12. Asubuhi moja gari likagoma kuwaka, mwanangu yuko kiti cha nyuma na sare zake za shule. Walikuwa wamelizima kwa GPS, wako ofisini kwao. Nilipokwenda kulalamika, walinifungulia ukurasa wa pili, kifungu kipo na sahihi yangu ipo. Ukilazimika kupita njia hii, tafuta mambo mawili kwenye mkataba: ukichelewa siku ngapi wanachukua gari, na wakilichukua unarudishiwa kiasi gani. Ahadi ya mdomo usiihesabu.

Ya nne ni mikopo ya mtaani, kausha damu. Usiende.

Fedha ikishakuwa tayari, nenda shoruumu asubuhi bila kutoa taarifa. Gusa boneti kabla ya kuwasha. Likiwa la moto, mtu ameshaliwasha usije ukasikia linavyowaka likiwa baridi. Vuta mikanda ya usalama yote hadi mwisho, uangalie kile kipande ambacho siku zote kimejikunja ndani. Doa la tope hapo ni dalili ya gari lililoingia maji. Inua zulia la buti, papasa kutu pale linapokaa tairi la akiba. Namba ya chesesi ilingane na ya kwenye nyaraka za forodha. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina usajili ndani yake. Fundi awe wako na umlipe wewe, maana aliyeletwa na dalali anakula kwa dalali. Kama gari limeshatumika hapa nchini, angalia deni la trafiki kwenye mfumo wa polisi. Kosa moja ni 30,000, na deni linasomeka kwenye namba ya gari.

Siku unayolipa rejesho la mwisho, usiondoke bila barua ya kumaliza deni, na uulize hapohapo kadi unaipata lini. Mimi kadi yangu niliifuatilia miezi minne baada ya shilingi ya mwisho.