Kisanduku cha kuhifadhi data kwenye mtandao: kwa mhariri wa video, nyota 4

Nilikinunua ili kompyuta zote za studio zisome video kutoka sehemu moja badala ya kupitishiana diski za mkononi. Ndani kina diski mbili za kuzunguka, na kwenye boksi wameandika kwa maandishi makubwa: gigabiti 1 kwa sekunde.

Gawanya kwa 8 kwanza. Hizo ni biti, na mafaili yetu tunayahesabu kwa baiti. Inabaki megabaiti 125, mtandao nao unakata chake, na faili kubwa linapita kwa 110 hivi. Folda ya gigabaiti 40 inanichukua dakika 6. NVMe (diski ya haraka isiyozunguka) iliyo ndani ya kompyuta yangu, ya PCIe 3.0 tu, yaani njia ya kizazi cha nyuma, inasoma zaidi ya megabaiti 3,000 kwa sekunde. Folda hiyo inaisha kabla sijavuta kiti. Hata diski ya kuzunguka ya siku hizi inaipita kebo ya gigabiti kwenye faili kubwa, kwa hiyo muuzaji akikwambia ujaze kisanduku SSD, diski zisizozunguka, ili video zikimbie, muulize kwanza zitatokea mlango gani.

Kinachokera hasa ni mafaili madogo. Mradi mmoja una maelfu: vijipicha, mawimbi ya sauti, kumbukumbu za programu. Kila moja linaombwa, linafunguliwa, linasomwa, linafungwa, na kila ombi linasubiri jibu kutoka upande wa pili. Nikinakili folda ya namna hiyo, kasi inaporomoka hadi megabaiti chache. Nilipohamia swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta) na kadi za mtandao za gigabiti 2.5, kwa kebo zile zile za Cat 5e, video zilipata nafuu ya wazi. Vijipicha karibu vilevile. Wi-Fi hata usijaribu.

Ila kompyuta yetu kuukuu, yenye diski ya kuzunguka, ilinishangaza. Baada ya kuongeza kwenye kisanduku SSD ndogo ya kache, inayoweka karibu nakala za mafaili yanayosomwa mara kwa mara, inafungua miradi upesi zaidi kupitia mtandao kuliko kwenye diski yake yenyewe. Kichwa cha kusomea cha diski hutumia milisekunde kadhaa kutafuta kila kipande, wakati kwenye kebo jibu hurudi chini ya milisekunde moja.

Kwa hiyo kazi ninayoihariri, pamoja na kache ya programu, inakaa kwenye NVMe. Video ghafi na kazi zilizokwisha zinaenda kwenye kisanduku. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya feni: ukirekodi sauti chumba hicho hicho, inasikika.